Unabeba Nini, Afande?

Wiki iliyopita nilivua ovaroli kwa mara ya mwisho, na kabla haijakauka kwenye kamba nyumbani, mmoja wenu, nyinyi mafundi vijana, alinipigia simu. Pikapu ya zamani imeingia gereji, alisema, inamisi, yaani injini inarukaruka mapigo, na ile mashine yenu ya kusomea hitilafu haina pa kuchomekwa. "Mzee, tunaanzia wapi?" Nilimwambia achomoe waya za plagi moja baada ya nyingine. Kisha nikakaa na simu mkononi, nimefurahi kupita kiasi, kama mjomba aliyekumbukwa kwenye harusi. Kumbe bado kuna gari mjini Kampala lenye shida ninayoijua.

Basi naandika, nyinyi msome mkiwa na chai. Habari za vyeo sitaziweka, kwa sababu gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Papa Riziki, na sisi wengine.

Papa Riziki alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, na jina hilo alilipata kwa binti yake wa kwanza, kama ilivyo desturi kwao. Alifika Kampala akikimbia vita, na spana zake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa cha mkewe. Akapata uwanja kati ya maghorofa ya Bugolobi na viwanda, akaweka mabati, akaanza kazi. Aliponiajiri hakuangalia mikono yangu. Aliangalia mdomo. Wateja wake walikuwa askari, wafanyabiashara wa Kikenya, Wakongomani wenzake na Waganda wa mtaani, na kila mmoja aliuelezea ugonjwa wa gari kwa lugha yake. Mimi nilikuwa mtoto wa mwanajeshi kutoka kaskazini, nimelelewa kambini ambako Kiswahili kilitumika kuitia watu kazini na kuwagombeza watoto. Chuo kikuu nilisoma lugha. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu matamshi ya Kiswahili cha Kampala, hasa namna L na R zinavyopokezana midomoni mwa watu wanaosema Kiluganda. Gari huwa gali, kilima huwa kirima. Niliandika kurasa nyingi, na wahadhiri walizisifu. Likumbukeni hilo, maana litaninyoosha baadaye.

Siku yangu ya kwanza Papa Riziki alikuwa chini ya boneti ya teksi moja. Akapaza sauti bila kugeuka, "Profesa! Leta buji ine!" Jina la Profesa nilikuwa nimelipata asubuhi hiyo hiyo, na halikuniacha tena. Sasa, mimi Kifaransa nilikuwa nimekionja chuoni, na nilijua kabisa kwamba buji ni mshumaa. Nikashangaa kidogo, lakini nikajiambia kila kazi ina mambo yake. Nikaenda dukani, nikarudi na mishumaa minne mizuri, myeupe.

Papa Riziki aliitazama mishumaa, akanitazama mimi, akaitazama injini.

"Profesa, moteri haijakufa bado," alisema kwa upole. "Iko mugonjwa tu."

Wakongomani huita plagi buji. Plagi inatoa cheche, mshumaa unatoa mwanga, na Mfaransa aliona hakuna haja ya maneno mawili. Mishumaa ile iliwekwa juu ya kabati la spana, ikakaa pale miaka mingi, na kila fundi mpya alihadithiwa kisa chake kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi: niliajiriwa kutafsiri, nikaishia kufungua nati. Na kwa kuwa mmeniuliza kuhusu misi, haya ndiyo niliyofundishwa.

Anza nyuma. Weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, usikibandike. Kama pumzi inakatika kwa mpangilio, pu-pu-pu-kimya, basi silinda moja imelala, na ni ile ile kila mara. Kama inakatika ovyo ovyo, shuku mafuta, au kabureta inavuta hewa mahali isipopaswa. Kisha nenda mbele, injini ikinguruma taratibu, uchomoe waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa waya na injini ikalegea, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, irudishie waya wake uiombe radhi. Ukichomoa na injini isijali, umempata mgonjwa. Nasema koleo lenye mpira kwa sababu mimi mwanzoni nilitumia vidole. Umeme wa plagi hauui, ila unakufanya useme lugha ambazo hukuzisomea.

Kisha soma plagi yenyewe. Yenye rangi ya biskuti ina afya. Nyeusi na kavu, mafuta yanazidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi na yenye oili, injini imechakaa ndani: piga moyo konde, umwite mwenye gari akae kwanza. Nyeupe, injini inapata mafuta machache na joto jingi.

Na kulikuwa na blanketi. Cheche inayovuja huonekana gizani, lakini gereji yetu ilifanya kazi mchana. Papa Riziki alijifunika blanketi kuukuu pamoja na injini nzima, kama mtu anayejifukiza mafua, akatazama humo ndani kama kuna kijistari cha buluu kinachotoroka. Wapita njia walidhani anasali. Huenda alikuwa anasali pia.

Sasa nawapa kesi moja tu, ile iliyobadilisha swali langu la kwanza kwa kila mteja.

Alikuwa polisi, dereva, anaishi Kibuli, jina lake Kato. Mganda safi, lakini kwetu alisema Kiswahili tu. Kwake Kiluganda kilikuwa cha nyumbani na Kiswahili cha kazi, na gari ni kazi. Alileta pikapu ya Kijapani ya zamani, ya petroli, yenye kabureta, rangi yake ikiwa imebaki zaidi kwenye kumbukumbu kuliko kwenye bati. Ilikuwa ya marehemu baba yake.

"Profesa, hii gali nakohoa."

"Tangu lini, Afande?"

"Tangu mvua ilianza. Nakohoa kama mzee ya kijiji."

Ilikuwa Alhamisi. Nilifanya kila kitu nilichowaambia hapo juu. Plagi ya tatu ilikuwa nyeusi na kavu. Nikaweka plagi mpya zote, nikasafisha pointi, vile vibati viwili vinavyokata na kuunganisha umeme, nikapima nafasi zake. Injini ikatulia hadi ungeweza kusimamisha kikombe cha chai juu yake. Tukaizungusha kwenye maghorofa ya Bugolobi, barabara tambarare, nyuma tupu. Haikukohoa hata kidogo.

"Utakwenda nayo mbali?" nilimwuliza.

"Jumamosi mimi napeleka mahali."

"Mahali gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza ana pua ngapi. "Mahali ya mimi!"

"Ndiyo, lakini wapi?"

"Lubaga."

"Ah, Lubaga si mbali."

"Lakini hii mahali iko muhimu sana, Profesa. Sana."

"Kila mtu ana mahali pake muhimu, Afande," nilimwambia, kwa busara yote ya mtu asiyeelewa kitu. Akanishika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Nilidhani amependa nilivyopima pointi.

Jumamosi asubuhi tulimsikia kabla ya kumwona. Ile pikapu iliingia uwanjani ikikohoa na kurusharusha kichwa, ikazimika yenyewe mbele ya mabati yetu. Kato akashuka. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Upande wa pili akashuka shangazi yake, Ssenga kama Waganda wanavyomwita, mwanamke mpana ndani ya gomesi ya zambarau yenye mabega yaliyosimama. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mikungu ya matoke, magunia ya sukari, kreti za soda zilizopangwa hadi juu, vikapu vilivyofungwa majani ya ndizi, na mbuzi.

"Afande!" nikasema. "Si uliniambia unaenda mahali?"

"Eh! Si ndiyo hii!" Akanyoosha mkono kuelekea mzigo wote, mpaka kwa mbuzi. "Mahali!"

Nikamtazama mbuzi. Mbuzi akanitazama. Naye hakuwa amesoma lugha, lakini nadhani alielewa kabla yangu.

"Mahari," nikasema polepole.

"Ndiyo. Mahali."

Papa Riziki, aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara, alilazimika kuligeuzia uso gari jingine. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Profesa," alisema alipopata sauti, "haukuandika kitabu juu ya hii kintu?"

Ssenga hakucheka. "Nyinyi watu ya gali, sikieni," alisema. "Leo ndiyo siku ya kwanjula. Mara ya kwanza huyu mtoto alipelekwa kazi huko ng'ambo ya mto, hatukufika. Baba mkubwa ya Sanyu akasema mbele ya watu: mara ya pili, ikifika saa sita hamjagonga, mimi nafunga geti. Na msichana wetu atatafutiwa kwingine. Yule mzee hatanii. Hata kanisani hatanii."

Sanyu ndiye aliyekuwa bibi harusi, na kwanjula ni siku ya bwana harusi kutambulishwa kwao na kutoa mahari. Wasindikizaji walikuwa wameshatangulia, wanasubiri barabarani karibu na hilo geti, lakini hakuna anayegonga bila mahari. Nikauliza kwa nini wasihamishie mzigo kwenye gari jingine.

"Jumamosi, Profesa?" Ssenga akaniuliza. "Kila pikapu Kampala leo iko na mbuzi nyuma."

Kato alikuwa ameegemea ubavu wa gari. "Halafu mzee yangu alisema," alisema akiangalia chini. "Wakati iko hospitari alisema, hii gali ndiyo itapeleka mahali yako. Mimi nikikosa kuja, gali itakuja." Akapangusa bati kwa kiganja. "Nilitaka ifike."

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu, na nikatamani ile mishumaa iwashwe kwa ajili yangu. Mimi nililijaribu gari tupu kwenye tambarare. Lakini injini yenye mzigo mlimani ni injini nyingine. Dereva anakanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka pale kwenye plagi. Umeme nao ni mvivu kama mimi: ukiona kazi imekuwa ngumu, hutafuta njia ya mkato. Kama kuna ufa popote, utapitia hapo, na silinda italala. Ukienda mahali, hutaujua ufa huo. Ukipeleka mahari, utakuumbua kwenye mlima wa kwanza wa Kibuli.

"Blanketi," akasema Papa Riziki.

Blanketi halikuwepo. Mlinzi wetu alikuwa ameondoka nalo kwenda kulifua, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Nikamweleza Ssenga kwamba bila giza cheche haionekani. Ssenga akauma mdomo, akaenda nyuma ya pikapu, akafungua kikapu kimoja akatoa blanketi jipya, zito, jekundu, lenye maua, bado liko kwenye nailoni.

"Hii ni ya bibi yake Sanyu," alisema. "Mkiipaka oili, nyinyi ndiyo mtaenda kumwoa."

Papa Riziki akakaa kwenye usukani, akatia gia, akakanyaga breki kwa nguvu na kuiachia klachi kidogo tu, ili injini isukume bila gari kwenda. Usifanye hivyo kwa muda mrefu, klachi si chuma cha reli. Mimi na Kato tukajifunika blanketi na boneti, vichwa vimegusana, joto na harufu ya petroli vikitujaa usoni. Injini ikaanza kukohoa. Na pale, juu ya kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi kinachogawia kila plagi umeme wake, kijistari cha buluu kikatambaa kutoka kwenye tundu la waya wa tatu, kikashuka ubavuni hadi kwenye kibanio cha chuma. Tak. Tak. Tak.

"Naona!" Kato alipiga kelele sikioni mwangu. "Profesa, naona! Iko kama umeme ya mvua!"

Tulikifungua kifuniko. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama mstari wa penseli, na kwa kweli ulikuwa umeacha mstari wa masizi, njia ambayo umeme ulishaizoea. Dawa yake ni kifuniko kipya. Lakini mwenye duka la vipuri jirani yetu alikuwa Msabato, yuko kanisani hadi jioni, na kwenda soko la vipuri mjini kwa foleni ya Jumamosi kungetufikisha kwenye geti lililofungwa.

Papa Riziki alikiinua kifuniko kwenye mwanga, akakigeuza, akafikiri. Kisha akamgeukia Ssenga kwa heshima kubwa.

"Mama, unisamehe. Ile rangi ya makucha, uko nayo mu mufuko?"

Ssenga akaficha vidole vyake, vilivyokuwa vyekundu vikali. "Kwa nini?"

"Tunataka kupaka moteri."

"Banange!" alisema Ssenga. Lakini alishafungua mkoba.

Tulikwangua masizi yote kwa wembe hadi ufa ukawa safi. Hapo msifanye haraka: ukiacha masizi chini ya rangi, umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Tukasafisha kwa petroli, tukaacha ikauke kabisa. Kisha Papa Riziki akasogea kando, akamwachia Ssenga. "Mikono yangu inatetemeka, Mama. Wewe njo fundi ya hii." Ssenga akapaka ndani na nje, tabaka moja, akapuliza kama anavyopuliza vidole, akapaka la pili. Kato alisimama juu yake akitazama saa, akatazama ufa, akatazama saa.

"Usinipumulie," Ssenga alimwambia. "Hata mama yako hakunipumulia hivi siku ya harusi yake."

Injini iliwaka. Papa Riziki akaisukuma tena kwa breki na klachi. Haikukohoa. Akazima, akanitazama.

"Profesa, panda nyuma. Chukua koleo na utepe. Wewe ulisema itafika mahali. Ifikishe."

Ndivyo nilivyokwenda kwenye kwanjula ya watu nisiowajua, nimevaa ovaroli, nimekaa kati ya kreti za soda na mbuzi aliyekula kona ya tambara langu. Tulipita mjini tukisukumana na bodaboda. Kila Kato alipobadilisha gia nilitega sikio. Tambarare haikunidanganya tena, nilikuwa nausubiri mlima.

Tulipoanza kupanda Lubaga, Kato alitia gia ya pili na kukanyaga. Chupa za soda zikaanza kugongana. Nilibandika kiganja kwenye bati la nyuma ya kabini, nikihesabu mapigo ya injini kama daktari asiye na kipimo. Nguruma, nguruma, nguruma. Katikati ya mlima gari la mbele yetu likasimama ghafla, nasi tukasimama na mzigo wote ukitaka kurudi Kibuli. Kato akaondoka tena kutoka kwenye kusimama kabisa, katikati ya mwinuko, na huo ndio mtihani mgumu kuliko yote. Ssenga ndani ya kabini alikuwa akimwambia Mungu jambo fulani kwa Kiluganda, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Pikapu ikatetemeka mara moja. Kisha ikavuta.

Wasindikizaji walitupigia vigelegele tulipotokea. Geti lilikuwa bado wazi nusu, na yule baba mkubwa, mzee mwembamba mwenye koti jeusi, alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja kwenye komeo na mwingine umeinuliwa, pindo la shati limevutwa nyuma ili aione saa yake. Alilitazama lile gari likija, akaliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyotuangalia sisi. Baadaye niliambiwa alimjua marehemu baba yake Kato. Akaachia komeo.

"Na huyu mwenye oili ni wa upande gani?" aliuliza akinionyesha.

"Huyu ni wa gali," Ssenga alijibu, akipita mbele yake bila kusimama, vidole vyake vyekundu vikishikilia gomesi.

Blanketi lilimfikia bibi yake Sanyu bila doa. Kile kifuniko tulikibadilisha wiki iliyofuata, na cha zamani, chenye mstari mwekundu, Papa Riziki alikiweka juu ya kabati, karibu na mishumaa yangu. Bado vipo, muulizeni mlinzi. Tangu siku ile sikumwuliza tena mteja kwanza anaenda wapi. Nilimwuliza anabeba nini, na kama sikuwa na hakika nimesikia vizuri, nilimwomba anionyeshe. Mashine yenu ni nzuri, naiheshimu, lakini haitauliza swali hilo.

Lakini siku ile, kabla ya kuingia ndani kwa wakwe, Kato alizima injini mwenyewe. Akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili wakati watu wanashusha matoke. Nikamwendea dirishani. Alikuwa akilia kidogo, bila kujificha, akipapasa dashibodi iliyopasuka.

"Mahali imefika, Profesa," alisema.

Sikumsahihisha.